Maziwa Ndani ya Karatasi

Mama anunuaye maziwa ya kasha hapa Mokambo, mpakani mwa Zambia, huenda akajiuliza: karatasi yawezaje kushika maziwa isilowe? Achane kasha tupu, ataona. Karatasi ngumu hulipa kasha nguvu tu. Plastiki nyembamba huzuia maji, na utando wa alumini, mwembamba kuliko unywele, huzuia mwanga na hewa.

Kazi hii ilianzia Uswidi. Mwaka 1944 Erik Wallenberg, mtumishi wa Ruben Rausing, alibuni kasha lenye nyuso nne za pembetatu. Baadaye watoto wa shule za Kenya walinywea makasha ya umbo hilo. Tabu ilikuwa kulifunga bila hewa kubaki ndani. Yasimuliwa kwamba mke wa Rausing, Elisabeth, ndiye aliyeshauri lifungwe kama soseji, maziwa yakiwa yangali yakimiminika. Jikoni nako ni shule!

Maziwa yenyewe hutiwa moto wa digrii 135 au zaidi kwa sekunde chache, ndipo hukaa miezi pasipo barafu. Lakini kasha likiisha kufunguliwa, ulinzi umekwisha. Penye joto na pasipo friji, mtoto asipewe yaliyolala.

Ukimimina, tundu liwe upande wa juu, hewa ipate kuingia, maziwa hayatarukaruka.