Kwa Nini Manusura wa Wenye Nguvu Hawaaminiwi

Anayeripoti kudhalilishwa kingono huulizwa maswali ambayo mtu aliyeibiwa gari haulizwi: kwa nini ulikwenda kwake, kwa nini hukupiga kelele, kwa nini umenyamaza miaka yote hii. Mtuhumiwa akiwa daktari bingwa, kiongozi wa dini, kocha mashuhuri au tajiri, maswali huzidi na majibu hutiliwa shaka zaidi. Ushahidi kuwa haba ni sehemu tu ya sababu. Mara nyingi dalili huwepo, ila kuziamini kuna gharama, na gharama hiyo huwaangukia walewale wanaotakiwa kuamua.

Kesi ya Larry Nassar nchini Marekani inaonyesha jinsi jambo hili linavyotokea hatua kwa hatua. Nassar alikuwa daktari katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan na pia daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki. Kwa miaka mingi aliwadhalilisha wasichana kwa kisingizio cha tiba, nyakati nyingine mzazi akiwa mumo humo chumbani, naye daktari amesimama kwa namna ya kumkinga asione. Kwa maelezo ya manusura, kocha mmoja wa chuo hicho alidokezwa tangu mwaka 1997. Mwaka 2004 msichana wa miaka 17 alikwenda polisi katika mji wa Meridian. Nassar aliwaonyesha wapelelezi picha na maelezo ya kitabibu, na jalada likafungwa bila kufikishwa kwa mwendesha mashtaka. Mwaka 2014 chuo kilichunguza lalamiko jingine kwa kuwategemea wataalamu waliomfahamu daktari huyo, kikahitimisha kwamba mlalamikaji hakuielewa tiba. Nassar akarudi kazini.

Julai 2015 shirikisho la jimnastiki la Marekani lilipeleka taarifa kwa shirika la upelelezi la nchi hiyo, FBI. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria, iliyotolewa mwaka 2021, ilibaini kwamba maofisa wa FBI wa Indianapolis walimhoji mwanamichezo mmoja tu, tena kwa simu, na hawakuchukua hatua za maana. Katika miezi iliyofuata wasichana wapatao 70 au zaidi walidhalilishwa. Ukuta ulibomoka Septemba 2016, manusura Rachael Denhollander alipojitokeza hadharani katika gazeti la Indianapolis Star. Januari 2018, baada ya mahakama kusikiliza maelezo zaidi ya 150, Nassar alihukumiwa kifungo cha miaka 40 hadi 175.

Sababu ya kwanza ya kutoaminiwa ni uzito wa hadhi. Neno la daktari lina vyeti, picha za ukutani na wagonjwa wenye shukrani. Neno la msichana halina chochote nyuma yake. Kwa kuwa kila lalamiko dhidi ya Nassar lilipimwa peke yake, kila mara mizani ilimwelemea mlalamikaji. Malalamiko ya 1997, 2004 na 2014 hayakuwahi kuwekwa mbele ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Hivyo ndivyo mwenye nguvu anavyolindwa hata pasipo njama: kila mtu hupewa kipande kidogo, naye hukiona hakitoshi.

Sababu ya pili ni maslahi ya taasisi. Kuamini lalamiko maana yake ni kukiri kwamba mlango uliachwa wazi, kupoteza wafadhili na kukabili mahakama. Uongozi hujikuta ukilinda jina badala ya watu, hali ambayo mwanasaikolojia Jennifer Freyd ameieleza kuwa usaliti wa taasisi. Gharama iliyokwepwa hurudi ikiwa kubwa zaidi. Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kilikubali kulipa fidia ya dola milioni 500 mwaka 2018. Shirikisho la jimnastiki na kamati ya Olimpiki ya Marekani, dola milioni 380 mwaka 2021. Na serikali, kwa uzembe wa FBI, dola milioni 138.7 mwaka 2024.

Sababu ya tatu imo ndani ya mtazamaji wa kawaida. Mwaka 1966 watafiti Melvin Lerner na Carolyn Simmons waliwaonyesha watu mwanamke aliyeonekana kupigwa shoti za umeme. Waliokosa njia ya kumwokoa walielekea kumshusha hadhi, kana kwamba alistahili. Binadamu hupenda kuamini kwamba dunia ina haki, na ni rahisi zaidi kumlaumu aliyeumia kuliko kukubali kwamba mtu anayeheshimiwa na wote ni mkatili. Mtuhumiwa hujua kuitumia tabia hiyo: hukana, humshambulia mlalamikaji, kisha hujigeuza yeye ndiye aliyeonewa.

Mwenendo wa manusura nao husomwa vibaya. Wengi mwili huganda wasiweze kupigana. Wengine hurudi kwa mtesaji kwa kuwa ndiye anayeshika masomo, kazi au tiba yao. Wengi hukaa miaka kabla ya kusema. Mambo haya hutumika kuwashitaki kwa uongo, ilhali ni ya kawaida kwa aliyedhulumiwa na mtu anayemtegemea.

Kwa muda mrefu sheria yenyewe ilishiriki katika shaka hii. Mahakama zenye asili ya sheria ya Kiingereza zilijionya kutomtia mtu hatiani kwa neno la mlalamikaji wa kosa la kingono bila ushahidi wa kuunga mkono. Uingereza iliondoa ulazima wa onyo hilo mwaka 1994. Tanzania, kupitia sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, iliruhusu hukumu kwa ushahidi wa mwathirika pekee iwapo mahakama imeridhika kwamba anasema kweli. Sheria ya ushahidi ya Kenya ina kanuni inayofanana na hiyo.

Tuhuma za uongo zipo, lakini ni chache. Utafiti wa David Lisak na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulipitia taarifa 136 zilizopokewa katika chuo kikuu kimoja cha Marekani kwa miaka 10. Zilizobainika kuwa za uongo zilikuwa 8. Hata hivyo, kumwamini mlalamikaji hapo mwanzo si kumhukumu mtuhumiwa. Ni kuandika maelezo yake, kuhifadhi ushahidi na kupeleleza kwa uzito uleule unaopewa kosa jingine. Hatia hubaki kuthibitishwa mahakamani.

Dawa basi ni utaratibu kuliko huruma. Malalamiko yote dhidi ya mtu mmoja yawekwe katika rejista moja, hata yaliyoonekana madogo. Mchunguzi asiwe mwajiri wala rafiki wa mtuhumiwa. Muda wa kuripoti uwekwe na sheria: baada ya kesi ya Nassar, Marekani ilipitisha mwaka 2018 sheria inayowalazimu wasimamizi wa michezo ya Olimpiki kuripoti tuhuma za udhalilishaji wa watoto kwa vyombo vya dola ndani ya saa 24. Hapo uamuzi wa kusikiliza hautegemei tena ujasiri wa kocha au mkuu wa chuo ambaye ana cha kupoteza.