SIMU ITUONESHE MAKOMBO YETU



Ndugu wasomaji, wazazi na walezi wa watoto wetu hapa Riyadh na Jeddah,

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la vijana na simu zao, lakini tukilichungua tutaliona kuwa ni letu sote. Vijana wa darasa letu la Kiswahili, wa Riyadh na wenzao wa Jeddah, wameshika kalamu na karatasi kubuni programu ya simu itakayomfundisha mtoto thamani ya chakula anachokiacha mezani. Sisi tuliowatangulia kwa umri tumekaa nao, tumewasikiliza na kuwauliza maswali. Twaona ni wajibu kuwaeleza wazazi shabaha ya kazi hii, namna itakavyotendeka, na mahali inapotuhitaji sisi wazee.

Sinia na boksi

Tulikotoka, iwe Mombasa, Unguja, Tanga au Lamu, wengi wetu tulilelewa kwenye sinia moja. Sinia lina macho mengi. Mtoto aliyeacha tonge upande wake alionekana, na hakuondoka kabla hajalimaliza. Ukoko uligombewa, na kiporo cha usiku kilikuwa kifungua kinywa cha asubuhi kwa chai ya rangi. Hapakuwa na somo la mazingira wala neno hilo lenyewe, lakini kilichotupwa kilikuwa kidogo sana.

Watoto wetu wanakua katika miji ya namna nyingine. Al Baik ilizaliwa Jeddah mwaka 1974, na kuku wake akawa sehemu ya maisha ya mji huo na ya mahujaji wanaopita. Riyadh ilipata Herfy mwaka 1981 na Kudu mwaka 1988. Mwaka 1993 McDonald's ikafungua mlango wake wa kwanza nchini katika mji huohuo. Leo chakula huagizwa kwa simu na kuletwa mlangoni kabla mama hajaosha mchele. Hatusemi kwamba chakula hicho ni haramu au kwamba baba anayewapeleka wanawe kula kuku mwisho wa wiki amekosea. Kwa familia nyingi za wafanyakazi hiyo ndiyo starehe pekee ya mwezi.

Tunachosema ni kuwa chakula hiki huja katika boksi la mtu mmoja mmoja, na boksi la mtu mmoja halina shahidi. Kila mtoto ana chipsi zake, mkate wake, kikopo chake cha mchuzi wa kitunguu saumu na soda yake. Anapochoka, hufunika boksi, na makombo yakishafunikwa ni kama hayapo. Itazameni meza ya watu wanne baada ya kula: mikate iliyong'atwa mara moja, vikopo vya mchuzi ambavyo havikufunguliwa, vijiko vya plastiki, mirija, karatasi zilizolowa mafuta. Vyote huingia katika mfuko mmoja na kwenda katika pipa moja.

Hesabu yenyewe

Shirika la nafaka la serikali ya Saudi Arabia lilitoa mwaka 2019 utafiti wa nchi nzima. Ulionesha kuwa asilimia 33.1 ya chakula hupotea au hutupwa, hasara ya takriban riali bilioni 40 kwa mwaka. Kwa kila mkazi zilihesabiwa kilo 184 zinazotupwa kwa mwaka, yaani kama nusu kilo kila siku ipitayo. Nasi ni miongoni mwa wakazi hao.

Wala si Waarabu peke yao. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Asilimia 60 ilitoka majumbani, na asilimia 28 ilitoka mikahawani na kwa wauzaji wengine wa chakula kilichopikwa. Basi asiwepo wa kuusukumia mkahawa lawama yote.

Tukumbuke pia chakula hicho kimetoka wapi. Nchi hii haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Maji ya Jeddah hutolewa chumvi kutoka Bahari ya Shamu. Sehemu kubwa ya maji ya Riyadh husafishwa kwenye pwani ya Ghuba na kusukumwa kwa mabomba zaidi ya kilomita 400, tena kwa kupanda mlima. Mwaka 2008 serikali iliamua kupunguza hatua kwa hatua ununuzi wa ngano ya wakulima wa ndani, kwa kuwa kilimo hicho kilikuwa kikimaliza maji ya ardhini ambayo mvua hairudishi. Chakula kingi basi huja kwa meli kutoka ng'ambo, kimetumia maji na mafuta ya watu wengine, na hatima yake ikawa pipa. Huko kinakofukiwa huoza bila hewa na kutoa gesi ya methani, ambayo hulipasha joto anga mara nyingi zaidi kuliko gesi ya kaboni dioksidi.

Dini yetu ilitangulia hesabu hizi zote. Aya ya 31 ya Suratul Aaraf imeruhusu kula na kunywa na papo hapo ikakataza israfu, na katika Suratul Israa, aya ya 26 na 27, tumehadharishwa vikali juu ya ubadhirifu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha hata tonge lililoanguka liokotwe, lisafishwe na liliwe. Majirani zetu Wasaudi wanayo desturi nzuri inayotokana na mafunzo hayo: mkate uliobaki hawauchanganyi na taka, bali huuweka kando katika mfuko au sanduku lake, ukachukuliwa kulishwa mifugo. Watoto wetu huipita mifuko hiyo kila siku pasi na kuambiwa maana yake.

Teknolojia hii ni ya namna gani?

Vijana wamechagua kile kinachoitwa uhalisia ulioongezwa. Jina lisiwatishe. Unaelekeza kamera ya simu kwenye meza. Kiooni unaiona meza ileile, lakini juu yake kimewekwa kitu ambacho hakipo: picha, maandishi, au mnyama anayetembea. Wengi waliujua mwaka 2016, watoto wa dunia nzima walipokuwa wakikimbilia vibarazani na viwanjani kuwasaka vijidudu vya Pokémon.

Njia nyepesi ya kuitenda kazi hiyo ni kutumia alama ya karatasi. Mwaka 1999 mtaalamu wa Kijapani, Hirokazu Kato, alitoa zana iliyoitwa ARToolKit, inayotambua mraba mweusi wenye mchoro katikati. Programu huzitafuta pembe nne za mraba. Kwa jinsi pembe hizo zinavyoonekana, hukokotoa simu iko umbali gani na imeinama kiasi gani, kisha huichora picha juu ya mraba kana kwamba imesimama pale. Hurudia hesabu hiyo mara nyingi kila sekunde, ndiyo maana picha haiyumbi mkono ukisogea.

Tumewashauri vijana washike njia hii kwa sababu moja ya karibu sana: mraba mweupe na mweusi hauharibiki ukitolewa fotokopi. Gazeti letu hili, pamoja na wino wake unaofifia, linaweza kuubeba hadi katika kila nyumba.

Msidhani ni ndoto. Mwezi Agosti 2018 yalifanyika Jeddah mashindano ya kutunga programu za kuwahudumia mahujaji, yaliyoingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kuwa na washiriki 2,950. Washindi walikuwa wasichana wa Kisaudi, kwa programu waliyoiita Turjuman, yaani mkalimani, inayomtafsiria haji mabango bila kuhitaji intaneti. Wazo lao lilikuwa jepesi, nalo lilijibu haja ya kweli.

Mtoto ataona nini?

Baada ya kula, mtoto ataweka karatasi yenye mraba kando ya sahani yake. Simu itamuuliza amebakisha nini: kuku, wali, mkate au chipsi, na kiasi gani: robo, nusu au zaidi. Hapa vijana walitaka kamera yenyewe ipime. Tukawaonesha kwamba kamera haina mizani, na kwamba mtoto anayekadiria makombo yake kwa jicho lake amekwisha kuanza kujifunza.

Ndipo madumu ya maji yatakapojipanga mezani. Marehemu Arjen Hoekstra, msomi wa Kiholanzi aliyeanzisha mwaka 2002 hesabu ya nyayo za maji, na wenzake wamekadiria kuwa kilo moja ya kuku huhitaji kwa wastani wa dunia lita 4,300 za maji, sehemu kubwa ikiwa mvua iliyonywesha mahindi na soya ya malisho. Robo kilo iliyotupwa ni zaidi ya lita 1,000, nayo ni zaidi ya madumu 50 ya lita 20. Mtoto aliyezoea bomba hajui dumu ni nini. Akiyaona hamsini yamepangwa juu ya meza ya kulia, na bibi yake akamwambia dumu moja lilivyokuwa likimuumiza kichwani, hatalisahau somo hilo.

Kisha zitatokea njia tatu: kuhifadhi, kugawa, au kutupa kwa kutenganisha. Chupa iliyosuuzwa na boksi kavu vina mahali pake. Karatasi iliyolowa mafuta haifai kurejelezwa, na ikichanganywa na kavu huiharibu nayo. Mwaka 2019 nchi hii iliunda kituo cha taifa cha kusimamia taka, na mwenye kuzoea kutenganisha nyumbani hatapata taabu mapipa ya aina mbalimbali yatakapofika mtaani kwake.

Adabu ya kamera

Mambo mawili tumeyashikilia bila kulegea.

La kwanza ni sheria. Sheria ya makosa ya mitandao ya mwaka 2007 inamwadhibu atumiaye kamera ya simu kuingilia faragha ya watu. Kifungo chaweza kufika mwaka mmoja na faini riali 500,000. Mkahawa una familia za watu. Kwa hiyo programu itatumika nyumbani, kamera itainamishwa mezani, na haitahifadhi picha yoyote. Mzazi aliyeajiriwa katika nchi ya wageni hana haja ya kuitwa polisi kwa sababu ya mchezo wa mwanawe.

La pili ni heshima. Rasimu ya kwanza ilikuwa na uso mwekundu wenye kukunja ndita, na orodha ya nani katika nyumba ametupa zaidi. Tulipinga. Baba aliyefanya kazi juani mwezi mzima ili awanunulie wanawe kuku, simu ikimwita mbadhirifu mbele yao, itakuwa imefundisha utovu wa adabu kwa jina la kufundisha shukrani. Vijana walibisha, nasi tulifurahi kuwasikia wakibisha kwa hoja: walisema mtu asiyeonywa habadiliki. Tukakubaliana hivi: kila mtoto atashindana na nafsi yake tu. Wiki hii ataona madumu yake ya wiki iliyopita, wala hataona ya ndugu yake.

Mambo ya kutenda sasa

Programu haijakamilika, lakini kutenda hakungoji simu. Agizeni boksi moja pungufu ya idadi yenu, kisha muongeze ikihitajika. Kataeni vijiko na mirija mnapopeleka chakula nyumbani. Fungueni maboksi na kumimina vyote kwenye sinia moja; mtaona tofauti siku hiyohiyo. Kilichobaki kiingie jokofuni kabla ya saa mbili kupita, na wakati wa joto kali kabla ya saa moja. Kuku aliyekaa garini mwezi wa Julai si kiporo tena, ni sumu. Wenye harusi au akika wasingoje sahani kuchafuliwa: zipo jumuiya kama Eta'am, iliyoanzia Mkoa wa Mashariki na kufika miji yetu yote miwili, zinazopokea chakula safi kilichozidi na kukifikisha kwa wahitaji.

Nasi tunawaomba akina mama na akina bibi jambo moja. Programu itazungumza Kiswahili, na tunahitaji sauti na maneno yenu: tonge, ukoko, kiporo, makombo, shombo la sufuria. Tumegundua kuwa watoto wengi waliozaliwa hapa hawayajui. Mtoto asiye na neno la kiporo hana pa kukiweka kiporo; kwake kuna chakula na kuna taka, hakuna katikati. Njooni darasani mrekodi, au mwatume watoto na karatasi iliyoandikwa.

Mraba wenyewe tutauchapa katika ukurasa wa mwisho vijana watakapomaliza kuujaribu. Waswahili wamesema samaki mkunje angali mbichi. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kushukuru neema kabla haijaondoka, na awabariki vijana wetu katika juhudi zao.