KITAMBI SI HESHIMA



Kwetu mtu akinenepa husifiwa. Huambiwa, "Umenawiri, Bwana," naye hufurahi, maana kitambi kwa wengi ni alama ya neema na cheo. Nami nilifurahi vivyo hivyo, hata siku moja nilipokuwa nikiwafundisha wanafunzi wetu wa ualimu habari za afya, nikajipima mbele yao kwa kamba.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Twaa kamba nyembamba iliyo sawa na urefu wako, tangu unyayo hata utosi, uikunje katikati, kisha uizungushe tumboni, baina ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pasipo kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, vema. Zisipokutana, kiuno kimezidi nusu ya urefu wako, na hiyo ni dalili ya hatari. Zangu hazikukutana.

Labda utasema, mizani yatosha. Kweli, mizani yafaa: mtu mzima mwenye urefu wa mita 1.70 akipita kilo 72 huhesabiwa kuwa uzito wake umezidi. Lakini mizani haisemi mafuta yamekaa wapi. Mwaka 1947 daktari Jean Vague wa Marseille, Ufaransa, alionyesha ya kuwa mafuta ya tumboni ndiyo yaletayo kisukari na maradhi ya moyo, kuliko yale ya mapajani na nyongani.

Sababu ni nini? Mafuta yaliyozunguka matumbo humwagika katika damu iendayo kwenye ini. Ndipo mwili unapokuwa mzito kuitii insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari mlango itoke katika damu na kuingia katika misuli. Kongosho hutoa insulini zaidi na zaidi, hata ikachoka, na sukari hubaki katika damu. Tena insulini nyingi huzifanya figo zizuie chumvi. Chumvi nayo huzuia maji, na shinikizo la damu hupanda. Basi magonjwa haya mawili ni matawi ya shina moja, na yakikutana katika mwili mmoja huharibu upesi figo, macho, moyo na ubongo.

Ubaya wake ni kwamba shinikizo la damu mara nyingi halina maumivu. Mtu aweza kuwa na 140 kwa 90, au zaidi, naye acheka na rafiki zake mpaka siku ya kiharusi.

Lakini tusikate tamaa. Mnene akipunguza hata kilo 5 katika kila 100 za uzito wake, mara nyingi sukari na shinikizo hushuka pamoja. Tembea kwa haraka nusu saa, siku 5 kwa juma. Punguza sukari katika chai, chumvi na mafuta katika mchuzi. Aliyepewa dawa asiziache ila kwa shauri la daktari. Mimi siku hizi naenda chuoni kwa miguu, na ncha za kamba yangu zaanza kukaribiana.

Basi usiku wa leo, kabla ya kulala, tafuteni kamba. Na ambaye ncha zake hazikutani, aende hospitali apimwe damu, asingoje kuugua. Kwaherini.