Je, Wajua? Maziwa ya Moto Yaliyotangulia Kuganda

Je, wajua kwamba swali la mwanafunzi wa Kitanzania, ambalo mwalimu wake alilifanyia dhihaka, hata leo lawagawa wanazuoni?

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu huko Magamba, Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Na kwa kuchelea nafasi ya jokofu isimpite, akayatia maziwa yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu yalikwisha ganda, ilhali ya mwenzake, yaliyotiwa baridi, yangali majimaji mazito.

Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza mhadhiri mgeni, Dk. Denis Osborne, kwa nini maji ya moto hutangulia kuganda. Wenziwe wakamcheka; lakini Osborne, kwa insafu yake, akaagiza jambo lijaribiwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja.

Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walirudia vipimo wasilione ajabu hilo, wakabaini kwamba kuhamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu kwaweza kuleta jibu la uongo. Wengine hawajakubali.

Leo maswali kama hilo yana jukwaa: MAKISATU, yaani Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaliyoanza mwaka 2019, huwapokea hata wanafunzi wa msingi na mafundi wasio na vyeti. Basi, ewe mwanafunzi wa Bariadi, Maswa au Meatu unayetafuta mradi: twaa vikombe viwili vilivyo sawa, utie maji ya kiasi kimoja, haya ya moto, haya ya vuguvugu, uviweke jokofuni, kipimajoto kikae mahali pale pale katika vyote viwili, nawe uandike kila dakika uyaonayo, hata yakikukanusha.