Joto la Choki Litaenda Wapi?

Ukifungua taa ndefu ya mrija, ile ya zamani inayopepesa mara mbili tatu kabla ya kuwaka, utakuta ndani yake kijisanduku kizito cha chuma. Mafundi wa umeme hukiita choki. Ni waya wa shaba uliosukwa kuzunguka mabati membamba yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, na kazi yake ni kuubana umeme usifurike ndani ya mrija. Umeme wa nyumbani hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa mwendo huo chuma kinatosha: kitavuma, kitapata uvuguvugu, na kitadumu miaka.

Mitambo ya kurusha redio nayo ina choki zake. Katika amplifaya ya valvu, choki hupitisha mkondo mnyoofu wa volti 3,000 kwenda kwenye anodi, na papo hapo huzuia nguvu ya redio isirudi nyuma kwenye pawa saplai. Kwenye antena, huzuia mkondo unaotaka kuteremka kwa nje ya kebo hadi chumbani, ambako utachoma midomo inayogusa maikrofoni na kuvuruga kompyuta. Kazi ni ileile ya kubana, lakini sasa tunazungumzia megahezi 7, yaani mizunguko milioni 7 kwa sekunde. Weka hapo mabati ya choki ya taa na utakuwa umetengeneza jiko. Sumaku inayobadilika husukuma umeme ndani ya kitu chochote kinachopitisha umeme, na chuma kinapitisha. Vijimkondo hivyo huzunguka ndani ya kiini bila kazi yoyote, na joto lake hupanda upesi kuliko masafa yenyewe yanavyopanda.

Njia ya kutoka ilipatikana Tokyo mwaka 1930, pale Yogoro Kato na Takeshi Takei walipotengeneza feraiti. Hii ni kauri yenye sumaku: oksidi ya chuma, ndugu wa kutu tunayoijua, huchanganywa na oksidi za metali nyingine, ikashindiliwa na kuokwa tanuruni kama chungu. Sumaku yake ni nzuri, ila umeme hupita ndani yake kwa shida. Koo zinazotuhusu ni mbili. Feraiti ya manganizi na zinki hukuza sumaku sana, lakini umeme bado hupenya ndani yake kiasi, kwa hiyo hufaa zaidi kwa masafa ya chini. Feraiti ya nikeli na zinki haikuzi sumaku sana kama ile ya kwanza, lakini inazuia umeme mara maelfu kuliko mwenzake, nayo huenda juu zaidi.

Anayeanza hutaka kiini chenye namba kubwa ya upenyezaji, namba inayoeleza kiini kinaikuza sumaku ya koili mara ngapi kuliko hewa tupu. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mholanzi J. L. Snoek, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Philips mjini Eindhoven, alionyesha miaka ya 1940 kwamba feraiti haikupi vyote viwili: kadiri upenyezaji ulivyo mkubwa, ndivyo unavyoporomoka kwenye masafa ya chini zaidi. Maumbile yenyewe yamekuwekea mizani, nawe huna budi kuchagua upande.

Kampuni ya Fair-Rite ya Marekani huzipa feraiti zake namba, na namba hizo zimekuwa lugha ya watu wa redio karibu kila mahali. Namba 31 ni ya manganizi, upenyezaji wake 1,500. Namba 43 ni ya nikeli, 800. Namba 52 ina 250, na namba 61 ina 125 tu. Kwa mtazamo wa haraka 31 ndiyo jabali na 61 ni dhaifu. Lakini kila feraiti ina nyuso mbili. Kuna masafa ambayo inahifadhi nguvu kwenye sumaku na kuirudisha, kama springi. Juu ya hapo inaanza kuimeza nguvu na kuigeuza joto, kama breki. Kwenye megahezi 7, namba 61 bado ni springi. Namba 31 imeshakuwa breki.

Sasa ungedhani breki haifai kamwe. Kwenye choki ya antena, breki ndiyo ninayoitaka. Springi inaweza kupatana na kebo yenyewe, vikafutana, na mkondo uliotaka kuuzuia ukaongezeka kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Ukinzani halisi haufutwi na chochote. Bei yake ni joto.

Bei hiyo nimeilipa mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kituo changu kidogo, nilisuka raundi 5 za kebo kwenye pete moja kubwa ya feraiti, kipenyo chake milimita 61, nikaifungia ndani ya kopo la plastiki juu ya paa. Nilifikiri raundi chache zitapata moto kidogo. Mchana mmoja wa Februari, jua la mwambao likiwa wima, nilirusha mfululizo kwa nguvu kamili. Dakika chache baadaye mita ilianza kupanda yenyewe. Niliposhusha kopo, pete ilikuwa imepasuka vipande viwili na plastiki ya kebo imelainika.

Hesabu ilikuwa rahisi, sikuifanya tu. Tuseme choki ina ukinzani wa omu 500 na volti 150 za redio zinaisukuma. Zidisha 150 kwa 150, gawanya kwa 500: wati 45. Huo ni moto wa chuma cha kulehemu, umefungiwa ndani ya kopo. Dawa ilikuwa kuongeza raundi. Kizuizi hukua kwa mraba wa raundi, kwa hiyo raundi 12 badala ya 5, juu ya pete mbili zilizopangwa pamoja, hupandisha omu zaidi ya mara 11. Volti zikibaki zilezile, joto hushuka hadi wati 4 hivi, tena limegawanywa kwa pete mbili. Choki inayobana sawasawa hubaki baridi kwa sababu mkondo umekataliwa mlangoni. Inayobana nusunusu ndiyo inayoungua. (Raundi nazo zina kikomo. Zikisongamana mno, umeme wa redio huruka kutoka raundi hadi raundi bila kuzunguka kiini.)

Pete yangu ilizidiwa kwa sababu kila feraiti ina joto la Curie, ambalo likivukwa sumaku yake hutoweka. Kwa namba 31 na 43 watengenezaji huahidi kwamba liko juu ya nyuzi 130 za Selsiasi. Kwa 61, juu ya 300. Kiini kikikaribia hapo, kizuizi hupungua, mkondo huongezeka, joto huzidi, na mduara huo haujizuii wenyewe. Kauri nayo hupitisha joto vibaya: ndani hutanuka, nje inakataa, na pete hupasuka.

Kwenye choki za amplifaya, ambako mkondo mnyoofu nao hupita, maswali yanabadilika. Kiini hushiba. Pete ya namba 43 ya ukubwa wa ile yangu, yenye raundi 10, ikipitishiwa ampea 5, hesabu hutoa karibu tesla 0.35, na feraiti hiyo hushiba kwenye 0.3 hivi. Iliyoshiba haikuzi tena kitu; umebaki na waya juu ya jiwe. Amplifaya ya transista yenye volti 50 inayotoa wati 1,200 inaweza kunywa ampea 40. Kwa hiyo mafundi husuka waya mbili pamoja, kila upande wa amplifaya na waya wake, ili sumaku za mikondo minyoofu zipingane na kufutana ndani ya kiini.

Unga wa chuma ni njia nyingine ya kuepuka kushiba. Chembe ndogo sana za chuma, kila moja imetengwa na mwenzake, hugandishwa kuwa pete. Upenyezaji wake ni mdogo, 10 tu kwa aina namba 2 yenye rangi nyekundu, lakini haishibi upesi. Hapa nawasihi wanaookota pete kwenye pawa saplai mbovu za kompyuta, katika mitaa ya Kariakoo au Luthuli: ile ya njano yenye upande mmoja mweupe ni namba 26. Ilitengenezwa kwa masafa ya chini, na kwenye redio ya nguvu hupata moto vibaya. Isichanganywe na namba 6, nayo ya njano lakini isiyo na upande mweupe, ambayo ni ya redio kweli. Feraiti zisizo na alama zote ni kijivu cheusi. Suka raundi 10 na pima kabla ya kuziamini.

Kwa anodi ya valvu mimi bado nachagua hewa. Koili ndefu juu ya mhimili wa kauri haishibi, haina kiini cha kuungua, na inavumilia volti. Ila ina maradhi yake: kwenye masafa fulani raundi zake na uwezo wa kuhifadhi umeme ulio kati yake hupatana, choki hufungua njia badala ya kuifunga, na moshi hufuata. Ziunganishe ncha zake mbili kwa waya mfupi, tafuta masafa hayo kwa kipimo, halafu punguza raundi au ziachie nafasi mpaka yahame bendi unazotumia.

Baada ya hayo yote, rusha nguvu kamili dakika 10, zima mtambo, chomoa waya wa ukutani, subiri kapasita zimalize umeme wake, kisha gusa choki. Kama huwezi kuacha kidole hapo hadi uhesabu tano, rudi mezani ukasuke upya.