Nyumba Mbovu kwa Bei ya Nyumba Nzima: Lipi Halali na Lipi Haramu?



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Maswahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, kila ukiandama Mfungo Mosi na harusi zikawa nyingi, maswali ya nyumba nayo huwa mengi. Bei zimepanda, nyumba nzuri zimekuwa chache, na wengi wanauliza: mwenye nyumba ana ruhusa gani, na mpangaji au mnunuzi ana haki gani? Tumeona bora tueleze kwa jambo tulilolishuhudia wenyewe.

Ndugu yetu mmoja ana mke, watoto watatu na mama mzazi mwenye ugonjwa wa pumu. Mwenye nyumba aliyokuwa akikaa aliitaka nyumba yake ili aigeuze ya kulaza wageni, akampa miezi miwili. Tukafuatana naye kutafuta, Jumamosi tatu mfululizo.

Ya kwanza ilikuwa upande wa Fuoni: vyumba viwili na ukumbi, laki tatu kwa mwezi, na miezi sita ilipwe kwa mkupuo. Rangi ilikuwa mpya, bado inanuka. Mama aliweka kiganja ukutani, na rangi ikabanduka ikamjaa mkononi kama unga. Nyuma ya kabati palikuwa na mstari wa maji, urefu wa goti la mtu mzima. Dalali akasema, "Hilo jasho la ukuta tu, sheikh wangu." Tulipotoka, jirani aliyekaa barazani akatwambia kwamba masika nyumba ile hujaa maji, na waliokuwa wakikaa walikuwa wakipandisha magodoro juu ya meza.

Ya pili ilikuwa Mpendae. Bei ilikuwa kubwa zaidi kwa sababu ya vigae vya sakafuni, lakini maji ya kisima yalikuwa ya chumvi, na karo la choo lilikuwa hatua chache tu kutoka kisimani. Ya tatu ilikuwa ghorofani Mji Mkongwe: boriti zimeoza, chokaa inadondoka kitandani, na mwenyewe anataka kilemba kwa dola. Ya nne ilipendeza, naye akatoa arbuni ya laki tano siku ile ile kabla hajamaliza kuuliza. Baada ya siku mbili akajua kwamba karo lake hufurika kila baada ya wiki mbili, na kwamba mpangaji wa mwanzo alihama kwa sababu hiyo hiyo. Alipoitaka arbuni yake, akaambiwa imeshaliwa.

Kisa hiki kimekusanya takriban mambo yote tunayoulizwa. Tuyatazame moja moja.

Nyumba ni neema

Katika Surat an-Nahl, aya ya 80, Allah (Subhanahu wa Ta'ala) Ametukumbusha kuwa Ametujaalia majumba yetu yawe mahali pa utulivu. Na katika Hadithi ya Sa'd bin Abi Waqqas (Radhiya Allahu anhu) aliyoipokea Ibn Hibban, Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ametaja makazi yenye wasaa miongoni mwa mambo manne ya furaha ya mtu, pamoja na mke mwema, jirani mwema na kipando kizuri. Kwa hiyo anayehangaika kuitafutia familia yake nyumba yenye hewa na sitara asilaumiwe kuwa anapenda dunia. Anatafuta kitu ambacho dini imekithamini.

Bei kubwa peke yake si haramu

Hili wengi hawapendi kulisikia, lakini ndiyo hukumu. Mwenye mali ana haki ya kutaja bei aitakayo, na mwenzake ana haki ya kukataa. Anas bin Malik (Radhiya Allahu anhu) amesimulia kuwa bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) awawekee bei, naye hakufanya hivyo. Aliwaeleza kuwa Allah Ndiye Mwenye kupanga bei, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake bila ya kudaiwa dhuluma na mtu yeyote. Hadithi hii imo kwa Abu Daud na Tirmidhi.

Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, aliyenunua kwa bei ya juu kwa ridhaa yake, bila ya kudanganywa, hana haki ya kurudisha kwa sababu tu amegundua kuwa jirani alinunua kwa bei rahisi. Wanazuoni wengine, hasa wa madhehebu ya Hanbali, wamempa khiyari mtu asiyejua bei za soko akapunjwa sana. Lakini kinga bora ni kuuliza kabla, si kudai baada.

Hata hivyo, kilicho halali si lazima kiwe ndiyo wema. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) amemwombea rehema mtu anayefanya wepesi anapouza, anaponunua na anapodai, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Jabir (Radhiya Allahu anhu). Mwenye nyumba anayekubali kodi ya miezi mitatu badala ya sita kwa mwenye watoto wadogo ameingia katika dua hiyo, inshaallah.

Kuficha kasoro ni haramu

Hapa ndipo penye kosa la nyumba ile ya Fuoni. Laki tatu si kosa. Kosa ni rangi iliyopakwa ili kuficha mstari wa maji. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alipita sokoni kwenye rundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta maji. Muuzaji alipojitetea kuwa ni mvua, alimuuliza kwa nini hakukiweka kile kilichorowa juu ili watu wakione, kisha akabainisha kuwa mwenye kudanganya si katika wafuasi wake. Hadithi hii ameipokea Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (Radhiya Allahu anhu). Mama yule aliyeweka kiganja ukutani alikuta maji yale yale.

Na imepokewa na Ibn Majah kutoka kwa Uqba bin Amir (Radhiya Allahu anhu) kuwa si halali kwa Muislamu kumuuzia ndugu yake kitu chenye kasoro bila ya kumbainishia. Kwa nyumba, kasoro ni kama hizi: kujaa maji masika, karo kufurika, paa kuvuja, nondo zilizoliwa na kutu kwa sababu ya mchanga wa pwani, au mgogoro wa mpaka na jirani. Kupaka rangi nyumba hakuna ubaya, ubaya ni kuipaka ili mtu asijue.

Wako wanaosema, "Nauza kama ilivyo, sitaki lawama." Kwa Shafi'i, sharti hilo halimtoi muuzaji wa nyumba katika jukumu la kasoro aliyoificha.

Dalali ni mwenye amana

Udalali ni kazi halali, na ujira wake ni halali ukijulikana tangu mwanzo. Linaloharibu kazi hii ni mambo matatu.

La kwanza ni uongo. Dalali anayejua kuwa nyumba hujaa maji akaita "jasho la ukuta" ameshiriki katika udanganyifu, hata kama nyumba si yake.

La pili ni kupandisha bei kwa hila, kwa kuleta mtu ajifanye naye anaitaka nyumba ili wewe uharakishe. Hii ndiyo najshi, na Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ameikataza katika Hadithi ya Ibn Umar (Radhiya Allahu anhuma) waliyoipokea Bukhari na Muslim.

La tatu ni kuongeza cha juu kwa siri: mwenyewe amesema milioni arubaini, dalali anauza arubaini na tano na kuitia mfukoni ziada. Tukumbuke kisa cha Urwa al-Bariqi (Radhiya Allahu anhu) kilichomo kwa Bukhari. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) alimpa dinari moja amnunulie mbuzi, akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, kisha akarejea na mbuzi na dinari vyote viwili. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Faida aliyoipata wakili huwa ya mwenye mali, isipokuwa mwenye mali amemruhusu. Ibn Abbas (Radhiya Allahu anhuma) amepokewa kuona hapana ubaya mwenye mali kumwambia wakala kuwa kinachozidi bei fulani ni chake. Wengine hawakuridhia kwa kuwa ujira haujulikani, na lililo salama ni kutaja ujira wazi.

Arbuni na kilemba

Arbuni ina khitilafu ya wanazuoni. Wengi wao, wakiwemo wa Shafi'i, hawaruhusu mwenye mali kuila arbuni pale biashara isipotimia. Madhehebu ya Hanbali yameruhusu, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliiruhusu mwaka 1993 kwa sharti kwamba muda wa kusubiri utajwe. Lakini katika kisa cha ndugu yetu hatuhitaji hata kuingia katika khitilafu hii, kwa sababu aliyeacha aliacha kwa kasoro iliyofichwa. Kuila pesa yake ni kula mali ya mtu kwa batili.

Kuhusu kilemba, Baraza hilo hilo lilieleza mwaka 1988 kwamba mwenye nyumba akikubaliana na mpangaji juu ya pesa ya mkupuo inayozidi kodi ya kawaida, inafaa, na itahesabiwa kuwa sehemu ya kodi ya muda wa mkataba. Mpangaji naye anaweza kupokea pesa ili ampishe mwenzake ndani ya muda wa mkataba wake, kwa kuzingatia mkataba wenyewe. Lakini mkataba ukishamalizika hana haki tena ya kuuza asichokimiliki. Wanaouziana kilemba cha nyumba ambazo mikataba yake imekwisha zamani wazingatie.

Umeshaingia ukakuta kasoro

Kwa aliyepanga: kasoro inayozuia manufaa, kama paa linalovuja au choo kisichotumika, kuitengeneza ni juu ya mwenye nyumba. Akitengeneza, mkataba unaendelea. Asipotengeneza, mpangaji ana khiyari ya kuuvunja, na kodi ya miezi ambayo hajaikaa ni haki yake kurudishiwa.

Kwa aliyenunua: kasoro ikiwa ilikuwepo kabla ya kuuziana, inapunguza thamani, na hakuijua, ana haki ya kurudisha nyumba. Asichelewe tu. Kwa Shafi'i, akiendelea kukaa na kuitumia huku anajua, haki hiyo huanguka. Aende kwa muuzaji mara moja, awe na mashahidi.

Kabla hujatoa pesa

Nenda mara mbili, na mara moja iwe baada ya mvua. Angalia kuta kwa chini, nyuma ya makabati na pembe za dari. Onja maji. Uliza karo liko wapi na lilinyonywa lini mara ya mwisho. Simama dirishani uone kama jirani anaona ndani, kwani sitara ya wake na mabinti zetu ni katika haki za nyumba. Angalia njia: jeneza litapita? Gari la wagonjwa litafika? Kaa barazani kwa jirani au swali Isha katika msikiti wa mtaa, uulize waliokaa kabla walihama kwa nini. Anayeulizwa aseme ukweli. Hiyo ni nasaha, si kusengenya.

Ukinunua, ongeza mengine. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na mtu huwa na haki ya matumizi kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 1992, basi hakikisha hati na umshirikishe sheha. Nyumba ya urithi haiuzwi na mrithi mmoja kwa niaba ya wenzake wasioridhia. Nyumba ya wakfu usiinunue kutoka kwa yeyote anayekwambia ni yake.

Na jambo la mwisho: swali istikhara, na usitoe pesa siku ile ile uliyoonyeshwa. Haraka ndiyo iliyomponza ndugu yetu. Arbuni yake ilirudi baada ya imamu wa msikiti wa mtaa ule kuzungumza na mwenye nyumba, ambaye alirudisha yote na kuomba radhi. Ujira wa dalali haukurudi. Hadi tunaandika haya, familia bado inakaa kwa wakwe, watu sita katika chumba na ukumbi, na mama analala karibu na dirisha.

Enyi wenye nyumba, waliosimama mlangoni mwenu ni watu kama hawa. Tajeni bei mnayoitaka, lakini waonyesheni na ukuta uliorowa. Hakim bin Hizam (Radhiya Allahu anhu) amepokea kutoka kwa Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) kuwa wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo baraka yake hufutwa. Nyumba iliyoondoka baraka haipati wasaa kwa vigae.

Tunamuomba Allah Awape makazi mema wasio nayo, na Atujaalie sote kuwa wakweli katika mali zetu. Amin.

Wallahu a'lam.