Makutano ya Intaneti: Kwa Nini Daftari la Pajulu Lizungukie Ulaya?

Ndugu wafanyakazi, wenzetu kadhaa wa Pajulu na Koboko wametuomba tueleze jambo linalowasumbua tangu vyama vyao vya akiba na mikopo vianze kuweka daftari la wanachama kwenye kompyuta. Mwanachama hufungua simu yake kutazama akiba yake. Ofisi ya chama iko hatua chache kutoka kwake, lakini jibu hukawia, yeye hujaribu tena na tena mpaka bando linakwisha, na siku nyingine jibu halifiki kabisa. Wanauliza: habari hiyo inapita wapi?

Ukweli ni kwamba daftari haliko Pajulu. Liko ndani ya seva, yaani kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, na mara nyingi fundi aliyepewa kazi hiyo hukodi seva iliyoko Ulaya au Marekani kwa kuwa bei yake ya mwezi ni ndogo. Basi swali la mwanachama hutoka Arua, hushuka hadi Kampala, huvuka mpaka wa Kenya, hufika Mombasa, huingia katika mkongo wa chini ya bahari, na jibu hurudi kwa safari ndefu kama hiyo. Mkongo ukikatika baharini, mtu wa Pajulu hulipa gharama. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Uganda, Tanzania na kwingineko.

Hata seva ikiwa Kampala, bado kuna shida ya pili. Mwanachama anatumia kampuni moja ya simu, na seva imeunganishwa na kampuni nyingine. Kampuni hizi mbili zisipokuwa na mahali pa kukutana, habari hutoka nje ya nchi ili ipate pa kuvukia. Ni kama kampuni mbili za mabasi zisizo na stendi moja: abiria wa Arua aendaye Koboko anapelekwa kwanza Nairobi ili abadilishe gari.

Dawa ya shida hiyo ni kituo cha makutano. Hakiuzi intaneti kwa mtu yeyote. Ni chumba chenye mtambo wa kuunganishia, kila kampuni huleta waya wake, na habari za nyumbani hupokezanwa humo humo. Kampala ina kituo kama hicho, UIXP, tangu mwaka 2001.

Kisa cha wenzetu wa Kenya kinafaa kukumbukwa. Mwezi Novemba 2000, makampuni ya intaneti ya Nairobi yaliyokuwa yakigombania kila mteja yalikubaliana kukutanisha nyaya zao katika kituo kiitwacho KIXP. Kabla ya hapo, barua ya mtu wa Nairobi kwenda kwa jirani yake wa kampuni nyingine ilirushwa kwa setilaiti iliyo karibu kilometa 36,000 juu ya ardhi, ikafika ng'ambo, ndipo ikarudishwa. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya nje, ililalamika. Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe, wiki chache tu baada ya kufunguliwa. Makampuni hayakukubali. Yalishikilia hoja yao kwamba habari itokayo Nairobi kwenda Nairobi si mawasiliano ya nje, na Februari 2002 kituo kilifunguliwa tena, safari hii kwa leseni. (Tunaona ajabu kidogo kwamba wenye mali, ambao hutuambia umoja unaharibu biashara, waliona upesi hivyo faida ya kusimama pamoja.)

Matokeo yalipimwa. Ripoti ya Internet Society ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba muda wa kusubiri ulikuwa umeshuka kutoka milisekunde kati ya 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10, na makampuni yalikuwa yakiokoa karibu dola milioni 1.5 kila mwaka. Ripoti ya 2020 ikasema akiba hiyo imefika dola milioni 6. Angalieni vizuri ni nani aliyeokoa: ni makampuni. Hakuna kanuni isemayo akiba hiyo lazima imfikie mnunuzi wa bando. Huku kwetu Uganda, Julai 2021 ushuru wa asilimia 12 uliwekwa juu ya bei ya data, ukachukua nafasi ya ile kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyoanza Julai 2018.

Sasa tuje kwa chama kinachotaka kuileta seva yake nyumbani. Si lazima kijenge nyumba ya mitambo. Chaweza kupanga nafasi ndani ya kituo cha data, kama mfanyabiashara anavyopanga kibanda sokoni: seva ni yako, lakini jengo, umeme, jenereta, baridi na ulinzi ni vya mwenye kituo. Kituo cha Raxio kilichofunguliwa Namanve mwaka 2021 ni cha namna hiyo, na kinapokea nyaya za makampuni mbalimbali. Jambo hilo la mwisho ni kubwa. Ukipanga katika nyumba ya kampuni moja ya simu, umejifunga kwake. Akipandisha bei, huna pa kugeukia.

Wapangaji wengi hushtuka wanapopokea ankara ya kwanza. Walisikia bei ya nafasi, wakaisahau bei ya umeme, ambao mara nyingi ndio mzigo mkubwa. Waya wa kutoka kabati lako hadi kabati la kampuni ya intaneti, ingawa ni wa mita chache, waweza kutozwa kila mwezi. Fundi wa kituo akikuwashia seva iliyozima, hiyo nayo ni malipo. Kwa chama kidogo, kukodi sehemu ya seva ya mtu mwingine iliyoko Kampala kwaweza kufaa zaidi.

Wengine wameuliza kama Arua nayo ipate makutano yake. Kwa ajili ya mwendo peke yake, hapana: mwanga ndani ya waya hukimbia karibu kilometa 200,000 kwa sekunde, na Kampala, iliyo karibu kilometa 500, huenda na kurudi kwa milisekunde tano hivi. Hoja yenye nguvu ni njia yenyewe. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, magari ya West Nile yalizungukia Masindi na Paraa, yakafika. Waya usio na njia ya pili hauna pa kuzungukia. Kwa hiyo halmashauri ya chama iulize kwanza kampuni inayowauzia intaneti: waya wenu ukikatika kati ya Arua na Kampala, mnapita wapi? Jibu liandikwe katika mkataba, pamoja na muda wa kutengeneza na fidia.

Liandikwe pia ni nani mwenye daftari. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza habari za watu azilinde, na zikipelekwa nje ya Uganda inaweka masharti. Majina, mishahara na madeni ya wanachama ni habari za namna hiyo. Siku mkataba utakapokwisha, chama kipewe nakala kamili, na ile iliyobaki kwa fundi ifutwe.